Msiguse Tope Langu

Huku kwetu juu ya Mbete watu wanasema niliilipia nyumba yangu ianguke. Wanasema mpaka leo, wengine kwa utani na wengine kwa kumaanisha, na mimi nawajibu wote jibu moja: ndiyo, nililipia, na wewe ya kwako ikianguka bure utapata nini? Mimi ni mtu wa kusema, na mwenye kununa anune.

Jina langu Raya, lakini mlima mzima unaniita Mama Asia, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Dakawa. Mume wangu Dadi, Mungu amrehemu, alinijengea nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, kwenye ardhi ya ukoo wangu. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamume akioa huku, anakuja kujenga kwa mke. Tanuri lile la matofali Dadi alilipanga kwa mikono yake, mimi nikichota maji mtoni na mimba ya Asia tumboni. Alipokufa sikubaki na ng'ombe wala gari. Nilibaki na nyumba. Kwa hiyo nikisema nyumba, ujue nasema nini.

Kazi yangu ni magimbi na ndizi. Nateremsha asubuhi mpaka Mwembesongo mjini, nauza, napanda. Huko Mwembesongo ndiko tulikokutana na Ester, binti wa bima, alipokuja kwenye kikoba chetu cha akina mama. Mdogo, mwembamba, ana adabu. Aliamkia shikamoo mpaka aliyekuwa anamzidi kidogo tu, tukampenda.

"Mama zangu," akasema, "bima siyo kukaa kungoja nyumba iungue ulipwe. Kwanza tunazuia. Jiko la kuni litoke ukutani mwa nyumba, lijengwe kando. Bati lifungwe kwa waya kwenye mbao, siyo misumari peke yake. Na ninyi mnaokaa mlimani, chimbeni mfereji nyuma ya nyumba, maji ya masika yapite pembeni. Usipochimba, hata bima ukiwa nayo hulipwi, wataandika hukuchukua tahadhari."

Halafu akanyanyua kidole. "Na janga likitokea, Mungu apishe mbali, msiguse kitu. Hata kijiko. Kila kitu kibaki kilipo mpaka mkaguzi afike aone kwa macho yake."

Wenzangu walicheka wakaagiza chai. Mimi nilijiunga siku ileile.

Ester akapanda mpaka kwangu, akapiga picha nyumba ikiwa imesimama vizuri, akasema nikishamaliza mfereji atarudi kuupiga picha nao. Hakurudi. Simlaumu, alihamishwa kabla masika hayajaanza, na aliyekuja baada yake hakunijua. Lakini hilo la kutorudi lilikuja kunitoa jasho.

Nikaanza kazi. Jiko nikalihamishia chini ya mfenesi, mbali na ukuta. Bati nikalifunga waya mwenyewe, nimepanda ngazi, watu wazima wanaokwenda shamba wanasimama kunitazama. Halafu nikashika jembe nyuma ya nyumba.

Ebo! Ungedhani nachimba barabara kuu. Kila apitaye ana neno. Jirani yangu Shakila, ambaye ukuta wake na wangu zinaweza kurushiana chumvi, alikuja akaegemea mgomba. "Shoga, unatafuta hazina ya Mjerumani?" Nikamwambia ndiyo, na nikiipata hata sumni huambulii. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaja na wenzake waone.

Lakini aliyenikata maini ni mjomba Sufiani. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Kwetu mjomba ndiye kila kitu. Akisema shamba hili lilimwe, linalimwa. Akisema ndoa hii hapana, basi hapana. Siku ya Ijumaa alikuwa anatoka msikitini, kanzu nyeupe, bakora mkononi, na watu wa msikiti nyuma yake. Akasimama juu ya mfereji wangu.

"Raya."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hili kaburi unamchimbia nani?"

Watu wakaangua kicheko, wazee kwa watoto.

"Nachimba njia ya maji, mjomba."

"Maji ya mlima huu yana njia zake tangu bibi yako hajazaliwa. Unalipia watu wa mjini balaa, sasa unalichimbia na pa kuingilia." Akatikisa kichwa akaenda zake, na watu wake nyuma yake, na kicheko kikashuka nao mpaka bondeni.

Mimi nikaendelea kuchimba. Nilikuwa nalia, lakini nilichimba. Nikautoa mfereji kuanzia kwenye mfenesi mpaka kwenye korongo, ukazunguka nyumba yote nyuma. Ulipokamilika nilikaa ukingoni nikala andazi peke yangu, na lilikuwa tamu.

Masika ya mwaka ule hayakuwa ya mchezo. Mvua ilinyesha mpaka mawe yakawa yanateleza kwa ukoga. Na mfereji ulifanya kazi, naapa. Nilikuwa natoka na kanga kichwani kuutazama, maji yanakwenda korongoni yanavuma, nyuma ya nyumba pakavu. Nikajisemea, cheka sasa, Shakila. Cheka sasa, mjomba.

Alasiri moja nilikuwa jikoni chini ya mfenesi nachemsha magimbi. Nikasikia mlio ambao siwezi kuusimulia vizuri. Siyo radi, ni kitu kizito kinajivuta. Nikageuka. Haikuwa maji. Mlima wenyewe ulimeguka, kipande cha juu kule penye miti, udongo na mizizi na mawe pamoja, ukaufunika mfereji zikabaki ncha zake mbili tu, ukaingia ndani kwa ukuta wa nyuma. Ukuta ukalala. Nusu ya paa ikashuka. Nusu niliyoifunga waya vizuri ikabaki inaning'inia.

Ningekuwa bado napikia palepale ukutani nilipokuwa napikia zamani, leo mngekuwa mmeshanisomea hitima. Nilisimama na mwiko mkononi, sauti haitoki. Ilipotoka ilisikika bonde zima.

Sasa hapa lazima nieleze, maana mtu wa mjini hataelewa. Huku kwetu nyumba ikianguka hailali. Hakuna anayeitwa, watu wanakuja. Kila mtu na jembe lake, na kila mtu na fito moja begani ya kuanzia kujenga upya. Wanazoa tope, wanapanga matofali mazima pembeni, wanakusanya vyombo, wanafagia, na jua likizama mahali pameshakuwa peupe. Kwa sababu nyumba iliyobomoka inamwacha mwenyewe uchi. Godoro lako liko nje, sufuria zako zilizoungua ziko nje, nguo zako za ndani ziko juu ya tope kila mpita njia anaziona. Kuacha mtu hivyo usiku kucha ni aibu ya mlima mzima. Mimi mwenyewe nimeshakwenda kwa wengi kuzoa. Sijawahi kumwacha mtu.

Kwa hiyo walikuja. Mvua ilikuwa haijakatika, na wakaja. Mjomba Sufiani mbele, amekunja kanzu, na jembe kwa umri wake ule. Shakila analia kuliko mimi. Hata wale walionicheka zaidi walikuwa na fito zao begani.

Na mimi nikapanda juu ya tope, nikatanua mikono.

"Msiguse!"

Wakadhani nimechanganyikiwa. Shakila akanifuata anishike. Nikamsukuma.

"Msiguse tope langu! Hata kijiko! Mpaka mkaguzi wa bima aje aone!"

Wakasimama walipo, fito bado begani.

"Mama Asia," Shakila akaninong'oneza, "godoro lako linaonekana mpaka njiani."

"Lionekane. Aliyelala humo ni mimi, na mume niliyelala naye alikuwa wa ndoa."

Mjomba akasogea. Alikuwa anahema kwa ule mlima. "Raya, watu wamekuja na majembe. Unatukataa?"

"Siwakatai, mjomba. Nawaomba mngoje. Mkisafisha silipwi, na nisipolipwa sina nyumba. Fito zenu hazinirudishii matofali ya Dadi."

Hilo la mwisho nilikosea kulisema vile. Niliona linavyowaingia. Watu wametembea na mvua, wamebeba, halafu mwanamke anasimama juu ya tope anawaambia fito zao hazitoshi. Lakini lilikuwa kweli, na lilishatoka.

"Kwa hiyo wa kukusaidia ni wa mjini," mjomba akasema.

"Nimewalipa, mjomba. Siyo msaada, ni haki yangu."

Akaikunjua kanzu yake. Halafu akaweka jembe begani. "Sawa. Na siku ukifa, mwite huyohuyo wa bima akuzike."

Akageuka. Na wote wakageuka, mmoja mmoja, wakateremka na fito zao. Jamani, iliniuma. Huku kwetu neno hilo halisemwi kwa utani. Nilibaki nimesimama juu ya lile tope mpaka miguu ikazama, nalia kwa sauti, lakini sikumwita hata mmoja arudi.

Nikahamia jikoni, nikatundika turubai. Simu yangu ilikuwa chini ya udongo, nikawa napiga kwa simu ya Shakila. Maana Shakila, pamoja na mdomo wake, alikuwa anakuja kwa kuibia na bakuli la ugali chini ya kanga. Bima wakasema mkaguzi anakuja kesho. Kesho wakasema barabara mbaya. Kesho yake wakasema mafuriko yamepiga Kilosa, wakaguzi wote wako huko, vuta subira mama. Nikawauliza subira naivutia wapi, nalala na kuku. Wakakata.

Wakati huo watu wanapita njiani wamegeuza uso upande wa pili wasione godoro langu. Hakuna salamu. Asia akapiga kutoka Dakawa, kwenye simu hiyohiyo ya Shakila. "Mama, achana na hayo, njoo kwetu, mpunga upo, vyumba vipo."

"Na tope nimwachie nani?"

"Mama, ni tope!"

"Ni langu," nikamwambia.

Nilipoona siku zinakwenda na kile kipande cha paa kinazidi kuinama, nikasema hapana, huyu mkaguzi nitamleta mimi kwa mkono wangu. Nikavaa mabuti ya marehemu, nikamwambia Shakila, "Nilindie. Asiguse mtu." Akaapa kwa kaburi la babake. Nikateremka.

Ofisi yao ina vigae vyeupe. Nikaingia na mabuti yangu na matope yake, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Msichana wa mapokezi akasema mkaguzi yuko na ratiba. Nikasema vizuri, nitaikalia hapohapo. Watu wakawa wanaingia wanaona mabuti, wanasoma kibao cha bima, wananiuliza mama vipi, na mimi nikawa namweleza kila mmoja tangu mwanzo, sauti yangu mnaijua. Haikufika adhuhuri mlango wa ndani ukafunguka.

Akatoka kijana mmoja, Innocent, mtu wa Bukoba, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Kumbe kweli alikuwa ametoka Kilosa jana yake. "Mama, twende tu," akasema. Nikampenda kidogo, lakini sikumwonyesha.

Bodaboda ilitufikisha darajani, mbele ikashindwa. Tukapanda kwa miguu. Viatu vyake vya ofisi viliteleza kila hatua, nikawa namshika mkono kama mtoto. Tulipofika kwenye kona ya migomba, nikasikia.

Majembe. Majembe mengi, na watu wanaimba.

Nilimwachia mkono akaanguka, mimi nikakimbia.

Pamefagiwa. Ndugu yangu, pamefagiwa! Matofali mazima yamepangwa upande mmoja, vipande upande mwingine. Bati zimenyooshwa, zimelazwa chini ya mawe. Tope lote limezolewa limetupwa korongoni. Ule ukingo uliomeguka wameuchonga vizuri usimeguke tena. Na nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mfereji wangu, na ncha zake mbili zilizobaki, wamesawazisha wakashindilia, ungeweza kucheza ngoma. Godoro limefuliwa, liko juu ya uzio wa Shakila linakauka. Watu wamelowa jasho, wanatabasamu. Mjomba Sufiani amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja.

"Karibu, Raya," akasema. "Tumekusamehe."

Wamenisamehe!

Niliyoyasema hapo siyarudii, watoto wanasikia. Nilitupa kanga chini. Niliuliza kama mlima huu una mtu mwenye masikio. Shakila akaja mbio: "Niliwazuia, dada, wallahi niliwazuia, mjomba akasema tumstiri, wakanishinda." Na jembe lilikuwa mkononi mwake, lina udongo mbichi!

"Unaposhindwa ndiyo unachukua jembe?"

"Nilipoona wameshaanza," akasema, "nikaona nisaidie."

Innocent akafika, goti limechubuka. Akazunguka polepole. Akatazama uwanja, akatazama matofali, akanitazama mimi.

"Mama, nikague nini?"

"Nyumba ilikuwa hapa."

"Nyumba tunaijua, picha ya Ester ipo. Mfereji uko wapi? Mkataba wako una sharti la mfereji. Pale nyuma naona uwanja."

"Walishindilia hawa! Rudisheni!" nikawageukia watu. "Kila mtu arudishe alichokitoa, tope na mawe, sasa hivi!"

Mzee Severini, mchonga mipini, akainua bati kweli alirudishe. Innocent akamzuia. "Hapana, mzee. Mkipanga upya ndiyo mnaharibu kabisa, itaitwa udanganyifu." Akafunga mkoba wake. Hakufanya kwa dharau, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Pole sana mama. Nikiandika mfereji ulikuwepo na mimi sijauona, nitakuwa nimesema uongo."

"Waulize! Wote hawa waliuona!"

"Mama, hawa ni ndugu zako. Ndugu lazima wakutetee."

Mjomba akasimama. "Kijana, unasema sisi waongo?"

"Sisemi hivyo, mzee wangu. Nasema wanamtetea ndugu yao."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka kwa hasira mpaka Innocent akarudi nyuma hatua. "Wananitetea? Hawa? Hawa wananitetea mimi?" Nikamshika Shakila bega nikamvuta mbele. "Sema uliloniambia siku ile nachimba. Liseme vilevile, usilipunguze."

Shakila akatazama chini. "Nilimuuliza kama anatafuta hazina ya Mjerumani."

"Ukanicheka, hukunicheka?"

"Nilikucheka."

"Kesho yake ukaleta na wenzako?"

"Tulikuja wote," akasema, na sauti inapotea. "Tulikaa pale kwenye mgomba tukawa tunamcheka mpaka akamaliza."

Innocent akaufungua mkoba.

Na ikawa ajabu. Mwingine akasema mbuzi wake alitumbukia mle akavunjika mguu, naye mwenyewe akanitukana matusi yote anayoyajua. Mzee Severini akasema alikuwa anapita na kuni, akajikwaa ukingoni, akasema hadharani Mama Asia amepata wazimu wa ujane. Msichana mmoja akasema walikuwa wanashindana kuurukia. Watu walikuwa wanaona haya, lakini wakishaanza hawasimami. Kila neno la kejeli nililolimeza mwaka ule likawa linarudi mbele yangu, na mwenyewe ananyoosha mkono kulidai. Nilikuwa nimekasirika bado, lakini nilikuwa nasikiliza.

Innocent alijua kazi yake. Akawachukua mmoja mmoja pembeni, kila mtu peke yake, akawauliza mfereji ulianzia wapi, ukaishia wapi, kina chake nini. Wakamwambia mfenesi mpaka korongo. Wakamwambia mbuzi mzima alizama mgongo. Hakuna aliyetofautiana na mwenzake.

Akarudi katikati ya uwanja, daftari limejaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini haukuwa umefurahi.

"La mfereji nimelielewa," akasema. "Limebaki moja, na ndilo kubwa. Mwenye nyumba akisafisha kabla ya ukaguzi, haki yake inapotea. Nahitaji kujua kwa hakika kwamba mama huyu hakusafisha wala hakuagiza. Nani aliagiza?"



Watu walitazama miguu yao. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mjomba, na kwa namna walivyojizuia kumtazama, hata mgeni angejua. Kwetu mkubwa wa ukoo haulizwi mbele ya watu, tena mbele ya wanawake na watoto. Akikosea, jambo linaachwa lipite, na watu wanasema mvua ilikuwa mbaya. Nimeishi umri wangu wote sijasikia mjomba akisema nilikosea. Hata yule aliyemtangulia hakuwahi.

Ningeweza kumtaja. Jina lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshamwomba mara moja, juu ya tope, akanipa lile la kuzikwa na bima, na nikaapa moyoni simwombi tena hata kama nitalala na kuku mpaka kufa. Nikafunga mdomo wangu. Muulize yeyote huku kama anakumbuka siku nyingine niliyoufunga.

Innocent akangoja. Akaanza kukunja daftari.

Niseme sasa hivi ili mtu asihangaike: kampuni ililipa. Walizungusha mpaka kiangazi, wakalipa, na nyumba imesimama palepale. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo, mimi wala mjomba.

"Kijana," mjomba Sufiani akasema.

Alikuwa bado amesimama pale alipoinuka kuuliza kama sisi ni waongo. Akasogea mbele, bakora inazama kwenye udongo aliousawazisha mwenyewe.

"Niandike mimi. Sufiani bin Kondo."

"Ni nani wake, mzee?"

"Mjomba wake." Akajiegemeza kwenye bakora. "Nyumba ilipoanguka tulikuja kuzoa. Alisimama juu yake akatuzuia, mbele ya watu wote. Nikamwambia akifa wamzike hao wa bima. Leo nimengoja ateremke mjini, nikawaleta watu, nikasafisha kwa amri yangu. Yeye hakujua. Huyu Shakila alikataa, nikamnyamazisha. Mfereji niliuona ukiwa mzima, nikasimama juu yake nikauita kaburi, watu wakacheka, na mimi nilitaka wacheke. Kosa ni langu. Andika."

Nilisikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Innocent alikuwa anaandika, halafu kalamu ikasimama. "Mzee, hili la kaburi siyo lazima niliandike."

"Liandike. Ndilo nililosema."

Akaliandika. Akamsomea yote tangu mwanzo, kwa sauti, maana ndiyo utaratibu, na watu wote wakasikia mara ya pili. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho bila kuinamisha kichwa. Halafu akampa Shakila bakora ashike, akaichukua kalamu, na kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni, polepole, akaandika jina lake chini ya maneno yale.